Paka Asiye na Nyumba Ni wa Nani?

(Mada kwa vijana, Tuwan, Kitale)



Shukrani zote ni za Allah (S.W.T.) aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu wa Ramadhani, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu mnaousoma ukurasa huu baada ya futari, niliombwa nizungumze juu ya huruma. Hiyo ni mada pana na kila Ramadhani inasomeshwa, kwa hivyo nikaona niichukue kwa upande mdogo ambao wengi wetu tunaupita kila siku bila kuutazama. Nitazungumza juu ya paka. Najua wapo wanaotabasamu sasa hivi. Ndugu mmoja alipoisikia mada hii alisema, "Ati paka? Watu hawana unga, wewe unatuletea habari za paka?" Swali lake ni la haki na nitalijibu, in shaa Allah, lakini kwanza tufahamiane tunamzungumzia paka gani.

Simzungumzii yule anayelala juu ya kochi na ana jina. Waswahili wana msemo, paka wa nyumba haingwa, yaani paka wa nyumba hafukuzwi. Sawa. Na yule asiye na nyumba? Namzungumzia huyo. Yule unayemwona Tuwan nyuma ya mabucha, chini ya meza ya mama samaki, juu ya mabati usiku, ndani ya mtaro siku ya mvua. Watoto humwita pusi, wengine nyau, na akiwa dume kubwa lenye makovu usoni wazee humwita shume. Huyo ndiye tunayemrushia jiwe bila hata kujiuliza kwa nini. Ukimuuliza mtoto, "Amekukosea nini?" atacheka tu, kwa sababu amewaona wakubwa wakifanya.

Sasa hebu tuanze na jambo ambalo pengine hulijui. Wataalamu wa wanyama wanasema paka wa majumbani wote duniani asili yao ni yule paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, na ndugu zake mpaka leo wanaishi porini hapa hapa Kenya. Ng'ombe na mbuzi tulikwenda kuwakamata, tukawafunga kamba. Paka alikuja mwenyewe. Takriban miaka 10,000 iliyopita watu wa Mashariki ya Kati walianza kulima na kuweka nafaka ghalani. Panya wakaifuata nafaka, paka akawafuata panya, na mkulima akaona afadhali akae. Mwaka 2004 watafiti walitangaza kwamba katika kisiwa cha Cyprus wamefukua kaburi lenye umri wa karibu miaka 9,500, na kando ya mtu aliyezikwa kulikuwa na paka. Usuhuba huu ni wa zamani sana, na uliofunga ndoa hiyo ni nafaka.

Tazama basi Kitale yetu. Huu ni mji wa mahindi. Trans Nzoia ikivuna, nchi inashiba. Yapo maghala makubwa ya Bodi ya Nafaka, na huku kwetu mtaani, hata mwenye chumba kimoja ana gunia lake la mahindi kwenye pembe, au angalau gorogoro mbili tatu chini ya kitanda. Kama kuna mji katika Kenya ambao paka ana haki ya kusema, "Hapa ndipo kwangu," basi ni huu. Lakini sisi ndio tunaomfukuza, kisha tunakwenda sokoni kununua dawa ya panya kwa yule anayetangaza kwa kipaza sauti.

Tuje kwenye dini. Wengi mmeisikia madrasa hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Imepokewa na Abdullah bin Umar na Abu Huraira (R.A.), na imo katika Bukhari na Muslim. Sisi tunaisimulia haraka haraka, "alimnyima paka chakula, akaingia motoni", tukapita. Hebu tuisome polepole. Mtume (S.A.W.) alieleza mambo mawili. Kwanza, alimfungia na hakumlisha. Pili, hakumwachia ajitafutie mwenyewe wadudu na vijidudu vya ardhini. Umeona? Lau angemlisha, angesalimika. Lau angemwachia aende zake, angesalimika vile vile. Kosa lake ni kumshika nusu. Alimfanya awe wake pale alipomfungia mlango, halafu akamfanya si wake ilipofika zamu ya chakula. Na katika hadithi ya swala ya kupatwa kwa jua, aliyoipokea Asmaa bint Abi Bakr (R.A.), Mtume (S.A.W.) alionyeshwa moto na akamwona humo mwanamke anaparuzwa na paka. Allah atulinde.

Mimi naona hapa ndipo penye mzigo wetu sisi vijana. Wengi wetu si wakatili. Tatizo letu ni hiyo nusu. Mtoto anaokota kipaka sokoni, kinaletwa nyumbani, wiki mbili kinabebwa na kupigwa picha za simu. Kikikua kinaanza kuiba nyama jikoni. Mama anasema, "Ondoeni hiki," kinatiwa katika gunia, kinapelekwa kutupwa ng'ambo ya barabara ya lami. Sasa hicho kimelelewa ndani ya nyumba, hakikufundishwa na mama yake kuwinda, hakiyajui mashume wa mtaa ule mpya. Tunasema "tumekiachilia". Kweli tumekiachilia? Au mwanafunzi anawalisha paka nyuma ya hosteli muhula mzima, muhula ukiisha anafunga sanduku na kwenda kwao. Wale paka walioacha kutafuta kwingine kwa sababu yake wanakuja saa ile ile, wanakaa, wanaangalia mlango.

Kuna hadithi nyingine ambayo haisomwi sana kwenye mimbari, nami naipenda. Kabsha, binti wa Ka'b bin Malik, alimwekea mkwewe Abu Qatada (R.A.) maji ya kutawadha. Akaja paka kutaka kunywa. Abu Qatada akamwinamishia chombo mpaka akanywa akatosheka. Kabsha akawa anamtazama kwa mshangao. Abu Qatada akamwuliza kama anastaajabu, akasema ndiyo. Ndipo akamweleza kuwa Mtume (S.A.W.) amesema paka si najisi, ni katika wale wanaotuzunguka na kuingia na kutoka majumbani mwetu. Imo katika Muwatta ya Imam Malik, na Abu Dawud na Tirmidhi nao wameipokea. Utazame ule mkono unaoinamisha chombo. Hakumfukuza, wala hakungoja aondoke kwanza.

Mafakihi wetu wa Kishafi wakaenda mbali zaidi. Wanasema paka akila kitu najisi, mfano panya, kisha akatoweka kwa muda unaowezekana kuwa amekunywa maji mengi mahali, halafu akarudi akalamba maji yako machache, maji hayo hayahukumiwi kuwa najisi. Yaani sheria imemtafutia udhuru! Lakini mkojo wake na kinyesi chake ni najisi, hilo tusichanganye, na akikojoa juu ya mswala uoshe.

Na hapa niseme neno juu ya kisa cha paka aitwaye Muezza, kwamba alilala juu ya nguo ya Mtume (S.A.W.) naye akaikata asimwamshe. Kisa ni kizuri na kinazunguka sana kwenye simu, lakini hakimo katika vitabu vya hadithi vinavyotegemewa. Tusikinasibishe na Mtume. Tunazo hadithi sahihi za kututosha. Yuko Abu Huraira mwenyewe, ambaye jina lake mashuhuri ni Abdulrahman bin Sakhr, lakini umma mzima unamjua kwa paka wake mdogo, kwa sababu Abu Huraira maana yake ni baba wa kipaka. Hadithi 5,374 zimepokewa kwake, zaidi ya sahaba mwingine yeyote.

Tunapozungumza mtaani wapo wanaosema, "Lakini huyu mweusi ni jini." Ndugu zangu, majini wapo, Qur'ani imesema, lakini hatuna dalili ya kumhukumu kila paka mweusi kuwa jini, seuze kumchoma kwa maji moto. Macho yake yanang'aa usiku kwa sababu nyuma ya jicho lake kuna utando unaorudisha mwanga, kama kile kioo chekundu cha nyuma ya baiskeli. Na ile sauti ya kama mtoto mchanga analia saa nane za usiku, inayowafanya watu wajifunike blanketi, ni madume wanagombana au jike linatafuta dume. Basi.

Sasa nikupeleke mpaka kwa bibi mmoja wa Kinubi wa mtaani kwetu, ambaye watoto humwita haboba. Kila siku baada ya Alasiri hutoka nyuma ya nyumba na sahani ya plastiki. Mna vichwa vya omena alivyovichambua, amevichemsha na ugali kidogo bila chumvi. Anaweka sahani, anakaa kwenye mtungi wake wa plastiki alioupindua, anatoa tasbihi. Paka wanatoka, mmoja chini ya kuni, mmoja juu ya ukuta. Nilimwuliza, "Bibi, ulifanya nini mpaka wakakuzoea?" Akanijibu, "Mwanangu, paka haitwi. Wewe unakaa tu. Yeye ndiye anakuja kukuchunguza, kama posa."

Mwaka jana, ndani ya wiki moja, watatu katika paka wake walikufa. Mmoja alikuwa akitokwa damu puani. Katika ploti ya jirani kuna mtu alikuwa ameweka dawa ya panya. Huenda hakukusudia kuua paka, Allah ndiye ajuaye, lakini ndivyo dawa hizi zinavyofanya kazi. Nyingi katika hizo huzuia damu isigande. Panya akiila hafi siku hiyo, anaweza kuishi siku kadhaa, anatembea kama mlevi, na ndiye paka anayempata kwa urahisi. Sumu ya panya inaingia kwa paka. Bibi aliwafunga kila mmoja kwa kipande cha leso kuukuu, akatuita vijana tumchimbie shimo. Hakulia. Alisema tu, "Huyu wa kijivu ndiye aliyekuwa analinda gunia langu." Na kweli, kabla ya Shaaban panya walikuwa wameshatoboa gunia lake upande wa chini. Hesabu yenyewe ni rahisi: panya jike hubeba mimba wiki tatu hivi, paka hubeba wiki tisa. Ukiwaua wote kwa sumu moja, nani atarudi kwanza?

Sisemi paka mmoja atamaliza panya wa Tuwan. Lile panya-buku la mtaroni hata shume hulikwepa. Paka hukamata zaidi wale wadogo na makinda. Lakini panya akisikia harufu ya paka hana raha, na ghala linalindwa hivyo. Kwa hivyo ukilazimika kutumia dawa, funika, weka mahali ambapo si paka, si kuku wala mtoto atafika, na uwatafute panya waliokufa uwafukie. Mtego wa kubana ni bora zaidi. Na anayemwekea paka sumu makusudi ajue kwamba, mbali na hesabu ya Akhera, Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, na kumtesa mnyama ni kosa unaloweza kushtakiwa.

Tuje kwenye kumzoesha. Kwanza mtambue. Paka aliyewahi kuwa na nyumba akapotea au akatupwa hukutazama usoni, hulia, na akikukaribia husimamisha mkia juu. Huyo anakumbuka binadamu. Yule aliyezaliwa mtaroni hakumbuki chochote cha kheri kutoka kwetu. Hujibanza, hanyamazi kwa adabu bali kwa hofu, na ukimkaribia hufoka. Wa kwanza anaweza kurudi nyumbani baada ya siku chache. Wa pili unahitaji subira, na kwa mwezi wa kufunga si tunajifunza subira?

Chagua saa moja na mahali pamoja, usibadilishe. Weka chakula uondoke. Baada ya siku kadhaa weka chakula ukae mbali, hatua kumi. Kaa chini, maana ukisimama kwake wewe ni mnara. Usimkodolee macho, kwa paka huko ni kutishiana. Mtazame kidogo, kisha fumba macho polepole na uyafumbue. Siku atakapokufumbia na yeye, ujue salamu imejibiwa. Sogeza sahani karibu nawe kidogo kidogo, kwa wiki, si kwa siku. Mwache anuse mkono wako ukiwa umetulia chini, usimpapase kichwani kwa ghafla, na usimbebe. Anayekimbilia kumshika ndiye anayeparuzwa, kisha anasema paka ni mbaya.

Vipaka ni tofauti. Kuanzia wiki ya pili mpaka ya saba au ya tisa ya maisha yao hivi, mioyo yao iko wazi. Kikishikwa kwa upole kipindi hicho kitakuwa rafiki wa watu maisha yake yote. Ila ukivikuta peke yavyo usivikwapue mara moja, mama yao pengine amekwenda kutafuta. Jifiche, ngoja masaa machache. Hapa Kitale usiku ni baridi na masika yakianza mitaro hujaa, kwa hiyo kama ni lazima kuvihamisha, katoni yenye gunia kavu juu ya matofali, chini ya paa, hapo hapo karibu ambapo mama atavipata.

Na yule mkubwa wa mtaroni, unaweza kumlisha mwaka mzima asikuruhusu kumgusa hata siku moja. Usimkasirikie. Yeye si wako. Katika Suratul An'am, aya ya 38, Mwenyezi Mungu ametujulisha kwamba wanyama na ndege ni umma mfano wetu. Umma una mambo yake. Wewe timiza haki yake ya chakula na kumwondolea udhia, mapenzi yakija ni ziada.

Sasa chakula, maana huu ni mwezi wa mabaki. Kila usiku baada ya futari tunatupa vyakula, na kijana mwenye moyo mzuri huchukua sahani ya pilau akawapelekea paka. Simama kidogo. Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu damu ya paka, na pilau letu, sambusa na mchuzi vimejaa hivyo. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vikali vinavyotoboa matumbo. Maziwa ya ng'ombe, ambayo vitabu vya watoto vinaonyesha paka anakunywa, huwaharisha paka wengi wakubwa, na kipaka kidogo kikiharisha kinaweza kufa. Mpe maji safi, mpe omena, matumbo yaliyochemshwa, vichwa vya samaki, mabaki ya nyama kabla hayajatiwa viungo. Ugali uwe wa kuongezea tu, kwa sababu paka ni mla nyama na mwili wake hauwezi kuishi kwa ugali mtupu kama mbwa anavyoweza kujaribu. Kiasi cha ngumi moja kwa siku kwa paka mkubwa kinatosha. Na akiugua, tafadhali, usimpe panadol. Kidonge kimoja cha dawa ya maumivu tunayomeza sisi kinaweza kumuua.

Nimefika kwenye jambo gumu. Ukilisha paka bila kufikiria uzazi, umeongeza idadi ya watakaoteseka. Paka jike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, na kwetu huku karibu na ikweta hakuna msimu wa kupumzika. Akizaa mara tatu kwa mwaka, wanne wanne, hao ni kumi na wawili, na wengi wao utawakuta barabarani wamepondwa na bodaboda. Duniani njia inayotumiwa ni kuwakamata kwa kizimba chenye chakula, kuwapeleka kwa daktari wa mifugo, kuhasi madume na kufunga uzazi majike, kuwachanja, kisha kuwarudisha pale pale walipotoka. Ncha ya sikio moja hukatwa kidogo akiwa bado amelala kwa dawa, iwe alama asije akakamatwa tena.

Je, inajuzu? Wanachuoni wamekhitilafiana, na si vizuri kuwaficha. Imam Nawawi katika madhehebu yetu amekataza kumhasi mnyama asiyeliwa. Mahanafi wameruhusu pakiwa na manufaa. Na katika wanachuoni wa zama zetu, Sheikh Ibn Uthaymin, aliyefariki 2001, alijibu kwamba paka wakikithiri na kuleta udhia, na operesheni haiwadhuru, hakuna ubaya, kwa sababu ni afadhali kuliko kuwaua baada ya kuumbwa. Muulize sheikh wako. Mimi, nikilinganisha daktari na sindano yake ya usingizi upande mmoja, na gunia na mto upande wa pili, sioni shida kujua ni upi ulio karibu na rehema. Gharama ipo, na kwa mtu mmoja ni nzito. Vijana kumi wakichanga, jike mmoja kwa mwezi linawezekana. Afisi ya mifugo ya kaunti na madaktari wa agroveti wapo mjini, tuwaendee kama kikundi tuzungumze bei.

Hatutakuwa wa kwanza. Baadhi yetu wazee wetu walitoka pwani, na aliyefika Lamu anajua: wavuvi wanaposhusha samaki, paka wamejipanga pale ufukweni kana kwamba wameitwa kwa majina. Mji ule uliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, na mpiga picha Jack Couffer aliwaandikia paka wake kitabu kizima. Lakini hata Lamu wapo paka wagonjwa na waliokonda, ndiyo maana kukawa na zahanati ya wanyama ya kuwatibu na kuwafunga uzazi. Istanbul wanajulikana dunia nzima kwa paka wa mtaa, na sheria ya Uturuki ya mwaka 2004 ilielekeza wanyama wasio na wenyewe wachanjwe, wahasiwe na warudishwe walipotoka. Na Misri, karne ya 13, inasimuliwa kwamba Sultani Baybars aliweka wakfu bustani kwa ajili ya kuwalisha paka. Wakfu, ndugu zangu! Sisi hatudaiwi bustani.

Narudi kwa yule ndugu yangu wa "watu hawana unga". Amesema kweli na mtu anatangulia. Zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika Suratu Tawba, aya ya 60, na paka hayumo, kwa hivyo mtu asichukue zakatul fitri ya maskini akasema ananunua samaki wa paka. Hii ni sadaka ya kawaida, tena ya vile tunavyotupa. Yule mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu hakununua kitu, aliteremka kisimani akajaza kiatu chake maji. Masahaba ndio waliouliza, kwa mshangao kama wa ndugu yangu, kama wanyama nao wana ujira kwetu, na Mtume (S.A.W.) akawathibitishia kuwa kila kiumbe chenye uhai kina ujira. Halafu angalia hapa mtaani nani analisha paka. Ni haboba, ambaye yeye mwenyewe hupelekewa futari na majirani. Sijamwona tajiri.

Afya nayo isisahauliwe. Osha mikono kwa sabuni ukishamgusa paka wa mtaa. Ukiona mtoto ana duara la choa kichwani na anacheza na kipaka, watibiwe wote wawili. Mama mjamzito asiguse kinyesi cha paka, kuna maradhi yanayoweza kumdhuru mtoto tumboni, kazi hiyo aifanye mwingine, lakini hakuna haja ya kumfukuza paka. Na ukiumwa, hata jeraha likiwa dogo, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa huletwa zaidi na mbwa, lakini paka naye huambukizwa, na maradhi haya yakishaanza kuonekana kwa mtu hayana dawa. Usiende kuweka pilipili wala masizi kwenye kidonda.

Mwisho, ratiba. Baada ya mazungumzo haya tulikubaliana zamu: nyuma ya nyumba ya haboba na kwenye kona ya mabucha, kila Alasiri, wawili wawili. Majina kumi na manne yameandikwa mpaka mwisho wa Ramadhani. Kuanzia Shawwal karatasi bado ina nafasi tupu, na sisi wa chuo tutakuwa tumeondoka mwezi huo. Karatasi imebandikwa mlangoni mwa darasa la madrasa, kalamu imefungwa kwa uzi. Wazazi pia mnaruhusiwa kuandika.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.